Vihisi vya Magari Visiwe Mapambo

Katika maduka ya vipuri ya Kariakoo, Dar es Salaam, na katika yale ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, leo huuzwa vifaa viwili vidogo ambavyo zamani vilikuwa anasa ya matajiri wachache. Kimoja ni kile kinachomlilia dereva anaporudi nyuma, kumwonya kwamba kuna kitu mgongoni mwa gari lake. Kingine ni kile kinachopima upepo wa matairi gari likiwa safarini, na kumjulisha dereva kabla mambo hayajaharibika. Wataalamu huviita vihisi. Mafundi wetu wengi huviita sensa. Ni vifaa vyema, na yafaa kushukuru kwamba sasa mwananchi wa kipato cha kawaida naye aweza kuvinunua na kuvifunga katika gari lake kuukuu.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo halina budi kusemwa waziwazi. Kifaa cha onyo kilichofungwa vibaya ni hatari kuliko kutokuwa nacho kabisa. Dereva asiye na kihisi hugeuza shingo, hutazama vioo, na akiwa na shaka hushuka akakagua. Dereva mwenye kihisi kibovu hukaa akingojea mlio ambao hautalia. Amekwisha kuyakabidhi macho yake kwa kifaa, na kifaa hakina habari.

Kwa hiyo tumeona ni vema leo kulieleza jambo hili kwa kirefu: vifaa hivi hufanyaje kazi, hufungwaje, huharibika kwa nini, na nani awajibike.

Vilizaliwa na misiba

Asidhani mtu kwamba vifaa hivi vilitokana na tamaa ya watengenezaji kuuza vitu vipya tu. Ni kweli kwamba vilianza katika magari ya fahari. Gari la Porsche 959 lilikuwa na kipimo cha upepo wa matairi tangu mwaka 1986. Lakini kilichovileta kwa watu wote ni vifo.

Mwezi Agosti 2000, kampuni ya Firestone ilitangaza nchini Marekani kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yao yakiwa yamefungwa katika magari ya Ford Explorer. Ngozi ya juu ya matairi hayo ilikuwa ikibanduka gari likiwa katika mwendo wa kasi, na gari kupinduka. Zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Katika uchunguzi, upungufu wa upepo na joto la barabara vilitajwa miongoni mwa mambo yaliyochangia. Kabla ya mwaka huo kwisha, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria, na kuanzia magari ya mwaka 2008 kila gari dogo jipya nchini humo lililazimika kuwa na taa ya kumwonya dereva tairi linapopungukiwa na upepo. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifuata, na tangu Novemba 2014 kila gari jipya la abiria linalouzwa huko lina kifaa hicho.

Habari ya kurudi nyuma inahuzunisha zaidi. Mwaka 2002, huko huko Marekani, mtoto wa miaka miwili aligongwa na gari la baba yake mwenyewe lilipokuwa likirudi nyuma nyumbani kwao. Baba huyo, ambaye ni daktari, hakumwona. Kutokana na msiba huo na mingine ya namna hiyo, sheria yenye jina la mtoto huyo ilitiwa saini mwaka 2008, na tangu Mei 2018 magari mapya nchini humo sharti yawe na kamera ya nyuma. Baba yule hakuwa mzembe wala mlevi. Alikuwa mzazi wa kawaida katika gari refu lenye upofu nyuma yake, kama walivyo wazazi wengi katika nyua zetu.

Magari mengi yanayofika katika bandari zetu ni yaliyokwisha tumika, na mengi kati yao yalitengenezwa kwa soko la Japani, ambako idadi kubwa haikuwekewa kipimo cha upepo. Ndiyo sababu wenye magari huenda dukani kutafuta vya kuongezea. Na hapo ndipo ubora wa kazi ya fundi unapokuwa suala la uhai.

Sikio lililo katika bampa

Kihisi cha kurudi nyuma ni sikio na kinywa kwa pamoja. Hutoa sauti nyembamba mno, ya takriban kilohezi 40, ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Sauti hiyo husafiri mita zipatazo 343 kwa sekunde, hugonga kilicho mbele yake, na kurudi kama mwangwi. Ukuta ulio umbali wa mita moja hurudisha mwangwi kwa muda wa sehemu sita hivi za elfu ya sekunde. Kisanduku kidogo kilicho ndani ya buti hupima muda huo, hukadiria umbali, na kuharakisha milio kadiri gari linavyosogea.

Akielewa jambo hilo moja tu, fundi atajua karibu kila kitu kinachofuata. Kwa kuwa kifaa husikia mwangwi, hakitasikia kisichorudisha mwangwi. Nguzo nyembamba, waya wa seng'enge, nguo laini, na ubao uliolala upande, vyote huweza kupita bila mlio. Jiwe fupi lililo chini ya usawa wa bampa halionekani. Na mtaro wa maji ya mvua, ambao katika miji yetu umekwisha kumeza magurudumu mengi, hauna mwangwi hata kidogo, kwa maana shimo si kitu cha kugongwa na sauti. Aidha, kitu kikikaribia mno, pengine chini ya sentimita 30, kihisi hushindwa kupima sawasawa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mahali pafaapo ni kati ya sentimita 50 na 60 kutoka ardhini, mahali ambapo bampa limesimama wima. Vihisi vinne vipangwe kwa nafasi zilizo sawa, viwili vya pembeni vikielekea kulinda pembe za gari. Kabla ya kutoboa, fundi aingize mkono au tochi nyuma ya bampa na kuhakikisha kwamba hapana chuma, bomba la moshi, wala nyaya mahali atakapopitisha drili. Apime mara mbili, abandike utepe wa karatasi, atie alama, atoboe kwanza tundu dogo, kisha atumie kile kikatio cha duara kilichokuja pamoja na vifaa. Tundu likiwa kubwa, kihisi hulegea na kutikisika. Likiwa dogo, hubanwa na kutetemeka vibaya, kikajisikia chenyewe.

Vihisi vingi vina mshale au neno nyuma yao linaloonyesha upande wa juu. Mshale huo haukuwekwa kwa urembo. Kihisi kilichogeuzwa hutazama ardhi, na dereva atasumbuliwa na mlio kila anapoingiza rivasi mpaka siku atakapoamua kukata waya. Kwa magari yenye bampa la chuma, kihisi kivalishwe mpira maalumu, la sivyo mtetemo husambaa katika chuma chote.

Umeme wa kifaa hiki hupatikana kwa kawaida katika waya wa taa nyeupe ya rivasi. Waya utafutwe kwa taa ya kupimia, injini ikiwa imezimwa na swichi ikiwa imewashwa, wala usikisiwe kwa rangi yake. Waya wa pili ufungwe katika bodi, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma kikaonekana. Viungo vichomewe kwa risasi au vibanwe kwa viunganishi vyake, kisha vifunikwe; ule mtindo wa kusokota nyaya mbili na kuzungushia utepe ni mwanzo wa kutu na pengine wa moto. Fyuzi ndogo isikosekane. Mwenye lori la volti 24 akumbuke kwamba vifaa vingi vya madukani ni vya volti 12, na asome maandishi kabla ya kuviunguza.

Mlio usiokoma na ukimya usioeleweka

Malalamiko ya wateja ni ya namna mbili. La kwanza ni mlio usiokoma hata uwanja ukiwa mtupu. Sababu za kawaida ni hizi: matope au maji juu ya kihisi, kihisi kilichofungwa chini mno au kugeuzwa, ndoano ya kuvutia tela au kibao cha namba kinachojitokeza mbele yake, na rangi nzito iliyopakwa juu ya uso wake. Kwanza na yafutwe matope. Mara nyingi ugonjwa huishia hapo.

La pili ni ukimya. Hapa fundi mwema asianze kwa kununua kifaa kipya. Aingize rivasi injini ikiwa imezimwa, kisha aguse kila kihisi kwa ncha ya kidole au akitegee sikio kwa karibu. Kilicho hai huweza kusikika kikigonga taratibu. Akimpata asiyejibu, aende kwenye kisanduku na kubadilisha plagi mbili, ya kihisi kibovu na ya kizima. Ugonjwa ukihama pamoja na plagi, kosa liko katika kihisi au waya wake. Ukibaki katika tundu lile lile, kosa liko katika kisanduku. Jaribio hilo halihitaji zana yoyote, na laweza kumwokolea mteja fedha nyingi.

Kwa baadhi ya magari mapya, hasa yatokayo Ulaya, kompyuta ya gari hupeleka umeme wa kukatika-katika katika taa za nyuma. Kifaa kilichounganishwa hapo huwaka na kuzima kama kilichopagawa. Dawa yake ni kuweka relei au kichujio cha umeme, wala si kulaumu vihisi.

Kazi ikiisha, ijaribiwe kwa ubao mpana au boksi, hatua kwa hatua, kuanzia mita moja na nusu, breki ya mkono ikiwa imevutwa na injini imezimwa. Mtu asisimamishwe nyuma ya gari linalonguruma ili kuona kama litalia. Na mtoto, kwa hali yoyote ile, asifanywe kipimo.

Upepo ndio uhai wa tairi

Tairi lenye upepo pungufu huonekana limekaa tu, lakini barabarani ukuta wake hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, joto hulegeza gundi iliyoshika tabaka za ndani, na hatimaye tairi hupasuka. Katika barabara ndefu, jua la saa nane, gari limejaa abiria na mizigo, mambo hayo huja kwa haraka. Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu la tairi ni upepo unaopungua.

Vipimo vya kuongezea viko vya aina mbili. Aina ya kwanza hukaa nje, mahali pa kifuniko cha valvu. Aina ya pili hukaa ndani ya rimu, na ili kuifunga sharti tairi livuliwe. Aina zote mbili hupeleka habari kwa redio hadi kwenye kioo kidogo kilicho juu ya dashibodi.

Kile cha nje ni rahisi kufunga, lakini kina siri ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Kikisha kukazwa, husukuma pini ya valvu na kuiacha wazi ili kisome upepo. Maana yake ni kwamba kuanzia hapo upepo wote wa tairi umezuiliwa na kipete kidogo cha mpira kilicho ndani ya kifuniko hicho. Kipete kikiwa kibovu, chombo kilichonunuliwa kulinda upepo ndicho kitakachoutoa. Kwa hiyo kila baada ya kufunga, paka maji ya sabuni na utazame kama kuna povu. Rudia baada ya siku moja.

Siri ya pili ni uzito. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kifuniko cha gramu 10 katika gurudumu la kawaida huvutwa nje kana kwamba kina uzito wa kilo moja na nusu. Valvu ya mpira, ndefu na kuukuu, hupindishwa na mvuto huo hadi ikapasuka shinani. Mwenye kutaka kutumia vifuniko hivi afunge valvu za chuma, au walau za mpira zilizo mpya na fupi. Siri ya tatu ni kutu: kifuniko cha alumini juu ya valvu ya shaba nyeupe huweza kung'ang'ania kabisa, na anayekifungua kwa koleo huivunja valvu. Kifunguliwe na kusafishwa mara kwa mara.

Kile cha ndani ni imara zaidi, lakini adui yake ni fundi wa pancha asiyejua kwamba kimo. Mashine ya kubandua tairi isikandamize upande wa valvu. Nati yake isikazwe kwa nguvu zinazokaza nati za gurudumu. Gundi za maji zinazomiminwa ndani ya tairi kuziba pancha huweza kuziba pia tundu la kusomea upepo. Na gurudumu lipimwe upya mizani yake. Ni wajibu wa mwenye gari kumwambia fundi mapema: humu mna kihisi.

Taa isiyozimika

Mara nyingi wenye magari yaliyotoka kiwandani na kifaa hiki hulalamika kwamba taa ya njano haizimiki, na fundi huifunika kwa utepe mweusi. Huo si ufundi. Katika magari yanayofuata kanuni ya Marekani, taa ina lugha yake. Ikiwaka na kutulia, kuna tairi lenye upepo pungufu. Ikipepesa kwa dakika moja hivi kila gari linapowashwa, kisha ikatulia, mfumo wenyewe ndio mbovu.

Sababu kubwa ya ubovu ni betri. Kihisi cha ndani hudumu kati ya miaka 5 na 10, na betri yake kwa kawaida imezibwa humo humo, haibadilishwi. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8. Basi gari lililofika na miaka 7 huenda limekuja na vihisi vilivyo katika siku zake za mwisho. Anayenunua vipya aulize masafa: magari ya soko la Marekani na Japani mengi hutumia megahezi 315, na ya Ulaya megahezi 433. Kihisi cha masafa yasiyo yake hakitasikika, hata kikiwa kipya na cha bei kubwa.

Yako pia magari yasiyo na kihisi chochote ndani ya tairi. Hayo hutambua upungufu kwa kulinganisha kasi ya magurudumu kupitia mfumo wa breki, kwa kuwa tairi lililolegea huzunguka haraka kidogo kuliko wenzake. Matairi yote manne yakipungua kwa pamoja, mfumo huo huweza kudanganyika. Kila baada ya kujaza upepo, dereva aufundishe upya kwa kubonyeza swichi yake.

Na kifaa cha kuongezea kikionyesha vistari badala ya tarakimu? Kwanza tembeza gari. Vingi husinzia gari likisimama na kuamka magurudumu yakizunguka. Kisha chomoa chaja ya simu ya bei rahisi iliyo karibu na kioo, kwani nyingine huchafua mawimbi ya redio. Kisha badili betri. Iwapo magurudumu yamehamishwa nafasi, kifaa kifundishwe tena, ama kitalilia tairi la kushoto ilhali la kulia ndilo linalokufa.

Dereva ajue pia kusoma tarakimu. Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango, wala si kile kikubwa kilichochapwa ubavuni mwa tairi. Joto la tairi likipanda nyuzi 10, upepo huongezeka kama paundi moja na nusu. Asiupunguze njiani kwa hofu. Atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya, penye urefu upatao mita 1,700 juu ya bahari, aweza kuona ongezeko la paundi zaidi ya mbili kwa sababu tu hewa ya nje imekuwa nyepesi, ingawa baridi ya huko hulipunguza. Tena, kanuni ya Marekani yaitaka taa iwake upepo ukiwa umepungua kwa asilimia 25. Tairi la paundi 32 litakuwa limefika 24 kabla ya kusemwa neno. Hivyo geji ya mkono haijastaafu. Wala kihisi hakijui umri wa tairi: hilo lisomwe ubavuni, ambapo tarakimu nne kama 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Wajibu wa kila mmoja

Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Wauzaji wa vipuri na waache kuuza visanduku visivyo na maelezo yanayosomeka, na wamwambie mnunuzi ukweli kuhusu valvu, betri na masafa. Vyuo vya ufundi havina budi kuingiza somo hili katika mafunzo ya umeme wa magari, kwa sababu kijana anayehitimu leo atakutana na vihisi kila siku ya maisha yake ya kazi. Mashirika ya viwango yavitazame vifaa hivi kwa jicho lile lile linalotazama matairi na breki.

Lakini mzigo mkubwa umo mikononi mwa dereva. Adai kazi ijaribiwe mbele ya macho yake kabla ya kulipa. Afute matope. Apime upepo kwa geji walau mara moja kwa mwezi, na kabla ya kila safari ndefu. Na kila anapotaka kurudi nyuma nyumbani, sokoni au shuleni, kwanza azunguke gari lake kwa miguu. Mzunguko huo huchukua nusu dakika, hauhitaji betri, na huona mtaro, waya na mtoto aliyechutama, yaani vyote vile ambavyo kihisi bora kuliko vyote huenda kisivisikie.